Foleni Nyuma ya Banda

Mume wangu Clive alihamia bustanini mwezi wa tatu. Hakuhama kabisa, maana kila jioni alirudi ndani kuchaji simu yake, apate kutazama mafunzo ya kuishi bila umeme. Nilipomwuliza kama haoni kichekesho katika jambo hilo, alifikiri kidogo kisha akasema, "Hapana. Kichekesho gani?"

Sitaki kumsema vibaya. Kila jambo lina chanzo, na la Clive lilianza majira ya baridi yaliyopita, umeme ulipokatika siku mbili hapa kijijini kwetu Hopley. Jiko letu ni la umeme, kipasha joto ni cha umeme, na kiberiti kimoja tulichokuwa nacho kilikuwa kimelowa dirishani. Tulikula maharage ya kopo yakiwa baridi kama chuma, tumejifunika blanketi moja. Clive alikuwa amestaafu karibuni, baada ya maisha mazima ya kusimamia ghala la vigae. Alikitazama kijiko chake muda mrefu.

"Hilary," akasema, "mimi ni mtu mzima, babu wa watu, na siwezi kuwasha moto."

"Kesho nitanunua kiberiti."

"Sizungumzii kiberiti."

Ningejua anazungumzia nini, ningenunua viberiti vya kujaza kabati.

Alianza na kibanda. Alikijenga nyuma ya banda la zana kwa miti yangu ya kutambazia maharage, akakiezeka kwa matawi na majani makavu. Nilisimama kando nikiwa na miche yangu mkononi, nikamwuliza, "Clive, una hakika unaihitaji miti yote hiyo?" Akasema ndiyo, anayo hakika. Basi maharage yangu mwaka ule yalitambaa chini kama matikiti.

Baada ya kibanda zikaja kamba. Alikata ile mimea inayowasha iliyoota kando ya ua, akailoweka kwenye beseni letu la kuogea apate nyuzi. Nikamwuliza, "Unadhani itakaa humo muda mrefu?" Akajibu kwamba wiki moja inatosha. Kisha yakaja maji. Aliyachota kwenye kibwawa cha vyura, akayachuja kwa soksi yangu ya sufu iliyojazwa mchanga na makaa, akayachemsha jikoni kwangu, kwa sababu moto wake ulikuwa bado, akaniletea kikombe.

"Yakoje?"

"Nani amekufundisha kutumia soksi?"

"Nimejifunza mwenyewe. Si mazuri?"

Yalikuwa na ladha ya soksi. Nikasema ni tofauti na ya bombani.

Lakini hayo yote yalikuwa mapambo tu. Kiini cha mambo kilikuwa moto wa kupekecha. Kila asubuhi baada ya uji, Clive alipiga goti moja nyuma ya banda, akaweka ubao chini ya mguu, akasimamisha kijiti juu ya kitundu cha ubao, akakizungushia kamba ya upinde, akakikandamiza kwa juu kwa kipande cha mfupa, akaanza kuvuta upinde mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mtu anayekata mbao kwa msumeno usio na meno. Kijiti kilizunguka, kikalia kama panya, kikatoa moshi. Mara kamba ikateleza. Au kijiti kikaruka kikampiga kidevuni. Au pumzi ikamwishia, akakaa chini akiutazama ule unga mweusi uliojikusanya kwenye mkato wa ubao, unga ambao kwa haki yote ungepaswa kuwa kaa la moto, na haukuwa.

Wahenga waliosema pafukapo moshi hapakosi moto hawakuwahi kuishi na Clive. Moshi ulifuka mwezi wa tatu, ukafuka wa nne, ukafuka wa tano.

Jirani yetu, Bi Daphne Mottram, huanika nguo zake upande wa pili wa ua. Kila asubuhi alichungulia juu ya ua na kuniuliza, "Hilary mpenzi, Clive anaendelea vizuri?"

"Anaendelea, asante."

"Vizuri sana," akasema, kisha akaingia ndani na kufunga madirisha yake yote, moja baada ya jingine, polepole, nisikie kila komeo.

Huyo Bi Daphne ndiye mwenyekiti wa Jumapili ya Bustani Wazi. Kila mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa sita, baadhi ya nyumba za Hopley hufungua mageti yao, watu wakakata tiketi za kusaidia paa la kanisa, wakazunguka kutazama maua ya wenzao na kula keki. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, bustani yangu ilikuwa imekubaliwa.

Na mimi nilikuwa na langu. Sikusomea bustani. Nilijifunza kwa kukosea, na kwa kuandika vibao vidogo nilivyochomeka ardhini ili nisikosee vilevile mara ya pili. Miaka minne nyuma nilichukua chavua ya ua moja liitwalo airisi, la kahawia, nikaipaka kwenye airisi ya buluu, nikasubiri mbegu, nikazipanda, nikang'oa miche iliyokuwa dhaifu, nikasubiri tena. Mche mmoja ulinishangaza. Petali zake za juu zilikuwa na rangi ya chai isiyotiwa maziwa, na ndimi zake tatu zilizoning'inia chini zilikuwa buluu iliyoiva, zenye ukingo mwembamba wa kahawia ileile. Nilikuwa sijapata kuona airisi kama hiyo, lakini mimi nimeona airisi chache. Aliyeziona zote ni Bwana Quennell.

Bwana Quennell ni mzee wa umri wa baba yangu, anayesimamia vitalu vya majaribio vya airisi vya mkoa mzima. Akilikubali ua lako, hupandwa kule, hutazamwa miaka kadhaa, na likistahili hupewa jina na kuingia duniani. Asipolikubali, linabaki mche wa Hilary ulioko nyuma ya jikoni. Nilimpigia simu. Akasema kwa kuwa binti yake angemzungusha kwenye bustani tatu Jumapili ile, atapita kwangu, ila binti atampitia saa kumi kamili, na binti yake si mtu wa kungojeshwa. Ua la airisi hukaa siku mbili tatu tu, na hiyo ni kama mvua hailigusi. La kwangu lilifunguka Jumamosi jioni. Sikuweza kupanga vizuri zaidi.

Nikamwendea Clive.

"Kesho," nikasema, "unadhani ungependa kupumzika kidogo?"

"Kupumzika? Ndio kwanza nimepata kijiti kizuri. Mti laini, mkavu, kwa mlio wake tu utaujua."

"Nilifikiri, kwa vile wageni..."

"Aa, wageni! Usiwe na wasiwasi. Nitakaa nyuma ya banda. Hawatanisikia wala kuniona. Kujificha ni somo la nne."

Jumapili ikaja na mawingu mepesi. Bi Daphne alikaa getini na kitabu chake cha tiketi. Niliweka keki na vikombe jikoni, dirisha wazi ili harufu ivute watu, nikaenda kusimama karibu na airisi yangu, nikiwa nimevaa sketi yangu nzuri. Mpango ulikuwa mwepesi: wageni waingie getini, wageuke kushoto, wapite kibwawani, wafike kwenye airisi, waishie kwenye keki. Upande wa kulia hapakuwa na kitu ila njia nyembamba ya kwenda kwenye banda.

Mtu wa kwanza kugeuka kulia alikuwa Mzee Wilf, mpiga kengele wa kanisani. Alikuwa anatafuta choo. Aliuona mlango wa banda, akalizunguka banda, akamkuta mume wangu amepiga goti, jasho linamtoka, anapekecha.

Nilisimuliwa baadaye kilichotokea. Wilf alisema, "Samahani, nilidhani ni choo." Clive, bila kuinua kichwa, akasema, "Karibu, mzee, umekuja na bahati. Sasa hivi kaa linashika." Basi Wilf angefanyaje? Huwezi kumwambia mtu anayehangaika namna ile, "Endelea, mimi nakwenda msalani." Akabaki. Akasimama kwa heshima, mikono nyuma, akiangalia.

Wa pili alikuwa mtu aliyemwona Wilf amesimama. Akasimama nyuma yake. Wa tatu aliona watu wawili wamesimama mmoja nyuma ya mwingine kwenye njia nyembamba, na kwa watu wetu hilo linatosha. Hatuhitaji kuambiwa mwisho wa foleni kuna nini. Foleni yenyewe ndiyo ushahidi kwamba kuna kitu.

Nilipoinuka kutoka kuokota majani makavu, njia ya banda ilikuwa imejaa. Watu walijipanga kutoka kwenye kona ya banda hadi karibu na geti, mmoja mmoja, kwa utaratibu mzuri mno, na wote walikuwa wamenipa mgongo mimi na airisi yangu.

"Tunasubiri nini?" nilimsikia mama mmoja akiuliza.

"Sijui, lakini wa mbele hajatoka tangu nifike. Lazima ni kitu kikubwa."

"Mimi nimesikia ni chai."

"Chai ipo jikoni, mama, husikii harufu ya keki?"

"Basi hii itakuwa ya choo."

"Choo gani kinachotoa moshi?"

"Mimi nasema ni nungunungu. Wameweka nungunungu kule nyuma, wanaruhusu mmoja mmoja asishtuke."

"Nungunungu ndiye anayefoka hivyo?"

Maana kwa mbali ilisikika sauti ya Clive ikimwambia kijiti chake mambo ambayo sitayarudia.

Na Bwana Quennell? Alikuwa amefika nami nikiwa bado nimeinama, foleni ikiwa na watu watatu tu, amevaa kofia ya majani, mzee mwembamba, msafi, mwenye adabu za kale. Hakuniona. Aliona foleni. Akamgusa bega mtu wa mwisho na kumwuliza kama hapo ndipo mwisho, akaambiwa ndipo, akashukuru, akasimama.

Nilianza kumwendea. Hapo ndipo manyunyu yalipoanza.

Hayakuwa mvua ya kukimbiza watu. Hopley mvua ya namna ile huitwa hewa. Hakuna aliyeondoka kwenye foleni. Kofia zilivutwa kidogo tu. Lakini kwa ua la airisi matone yanatosha. Petali zile ni nyembamba kuliko karatasi. Zikilowa hujikunja na kushikamana kama tambara. Nikarudi mbio, nikaunyakua mwavuli wangu uliokuwa kwenye kiti, nikaufungua juu ya ua. Na nikajikuta nimekwama. Nikimwendea Bwana Quennell, ua linaloa. Nikilinda ua, hakuna wa kulitazama.

Nilijaribu kuchomeka mwavuli ardhini. Upepo ukaulaza. Nikakohoa, kile kikohozi ambacho kwetu ni sawa na kugonga mlango. Watu wawili wakakohoa pia, kunisindikiza.

"Bwana Quennell," nikaita, kwa sauti niliyodhani ni kubwa.

Akageuka, akavua kofia. "Ah, Bi Tranter! Bustani nzuri sana. Nitakuja sasa hivi, nimebakiza watu wachache."

"Ua liko hapa."

"Bila shaka, bila shaka. Nikishamaliza hapa." Akageuka tena, kwa sababu mtu wa mbele yake alikuwa amesogea nusu hatua, na nusu hatua haiachwi wazi.

Wakati huo Bi Daphne alikuwa ameacha geti lake, na mimi nikashukuru Mungu.

"Daphne, naomba unishikie mwavuli huu kidogo tu. Dakika moja."

Uso wake uliingiwa na huruma ya kweli. "Ningependa sana, Hilary mpenzi. Lakini nitapoteza nafasi yangu." Akaenda kusimama nyuma ya mtu wa mwisho.

Sijui kama nimewahi kukasirika maishani, maana nyumbani kwetu hasira ilikuwa kitu cha wenye muda. Lakini nilisimama pale, mkono unauma, maji yananitiririka kwenye mkono wa blauzi, nikitazama migongo. Miaka minne nilikuwa nimeungojea mchana ule. Saa ya kanisa ikagonga kumi kasorobo, na robo saa iliyobaki ilikuwa inaliwa na mtu wangu mwenyewe, na kijiti chake, na watu wema wasioweza kumwacha peke yake. Nilifungua kinywa, na kilichotoka hakikuwa swali la adabu.

"CLIVE! Huo moto unawaka au hauwaki?"

Ndege walitoka kwenye ua wa Bi Daphne. Foleni nzima iligeuka. Kutoka nyuma ya banda ikaja sauti iliyochoka: "Hauwaki!"

"Basi waambie watu waende!"

Mzee Wilf, aliyekuwa mbele kuliko wote, akaiona nafasi aliyoingoja mchana kutwa. Alinipita akikimbia kuelekea nyumbani bila hata kuuliza choo kiko wapi. Wengine wote walibaki wanatazama nilipo. Na walichokiona ni mwanamke mmoja, amesimama wima kwenye manyunyu, ameshikilia mwavuli juu ya kitu kimoja ambacho hawawezi kukiona vizuri.

Bi Daphne, aliyekuwa wa mwisho, ndiye aliyekuwa karibu nami zaidi. Alisogea, akasimama mbele yangu. Aliyemtangulia akasimama nyuma yake. Mwingine nyuma ya huyo. Kabla sijafunga kinywa, foleni yote ilikuwa imejigeuza kama soksi, na Bwana Quennell, aliyekuwa amebakiza watu wawili tu kumfikia Clive, sasa alikuwa karibu na mkia. Alinipungia kofia kwa furaha. Hatimaye tuko foleni moja.

Barabarani honi ikalia. Binti yake.

"Shika," nikamwambia Bi Daphne, nikamtia mwavuli mkononi. Sikusema tafadhali. Alishika.

Nilikwenda hadi nyuma, nikamkamata Bwana Quennell mkono wa koti.

"Bibi, hapana," akasema kwa hofu. "Hawa wote wamenitangulia."

"Wewe umealikwa, bwana. Hawa wamejipanga tu."

"Lakini watu watasemaje?"

"Watasema. Njoo."

Nikamvuta mbele ya macho ya kijiji kizima. Nilisikia pumzi zikivutwa. Mtu mmoja alisema "Jamani!" na mwingine akasema, "Na sisi wengine ni miti?" Bwana Quennell alipita akiomba radhi kwa kila mmoja, kushoto na kulia, uso umemwiva. Lakini alipofika mbele ya ua, akainama chini ya mwavuli, na aibu ikamtoka. Alipiga magoti kwenye matope. Akainua ulimi mmoja wa buluu kwa ncha ya kidole. Akautazama ule ukingo. Honi ikalia tena, ndefu. Hakuisikia.

"Kahawia hii nimeiona," akasema polepole. "Buluu hii nimeiona. Zikiwa pamoja hivi, hapana." Akainuka, magoti yamelowa. "Mwezi wa nane nitumie kipande cha shina lake la ardhini. Lina jina?"

"Bado."

"Litafutie," akasema, akakimbilia barabarani akiwa ameshikilia kofia.

Sikupata hata muda wa kukaa chini, kwa sababu nyuma ya banda palilipuka kelele.

"Umewaka! Hilary! Umewaka!"

Clive alitokea kwenye kona, majani kichwani, uso mweusi kama sufuria, amebeba kwa mikono miwili kitita cha nyasi kinachotoa moshi mzito. Alikuja mbio kando ya foleni, akikipuliza huku anakimbia. Hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa kule nyuma wakati kaa liliposhika. Mchana kutwa alikuwa na watazamaji, na moto wake ulisubiri waondoke wote.

"Clive," alisema Bi Daphne, bado ameshikilia mwavuli wangu, "wenzako tumejipanga."

Alisimama. Manyunyu yakaanguka juu ya kitita. Kikafanya sauti ndogo, kikafa mikononi mwake. Mtu mmoja kule mkiani alipiga makofi kidogo, kisha akaacha.

Watu walipita mmoja mmoja, wakaliona ua, wakalisifu, wakala keki zote. Bi Daphne alibaki mwisho kunirudishia mwavuli. Nilijitayarisha. Moshi wa miezi mitatu kwenye mashuka yake, kibanda, matusi ya nyuma ya banda. Nilikuwa na majibu ya yote.

"Hilary," akasema kwa huzuni, "ulimvuta mtu ukampitisha mbele ya foleni."

"Nilimvuta."

"Kamati italizungumza hilo," akasema, akaenda zake.

Clive alikuwa amekaa kwenye kiti chenye maji, kitita mapajani.

"Umeuona?" akaniuliza. "Uliwaka kweli. Mwali, hivi. Umeuona?"

Nilikuwa nimeuona moshi. Nikawakumbuka wahenga.

"Nimeuona," nikasema.

Akatabasamu, meno meupe katika uso mweusi. Kisha akauliza mzee wa maua alisema nini, nikamwambia, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu aliinuka akaja kutazama kitu ambacho hakikukusudiwa kuchomwa. Alilitazama muda mrefu. Clive si mtu wa kutazama juujuu.

"Lina rangi ya moshi," akasema. "Hapo juu. Moshi wa kuni. Liite Moshi wa Clive."

"Hapana," nikasema.

Neno lenyewe lilinishtua. Nilingoja aumie. Clive alikuna kidevu chake chenye masizi.

"Sawa," akasema. "Ni ua lako."

"Na miti yangu ya maharage naitaka."

"Sawa. Ungesema mapema. Mimi nilidhani hujali, kila siku unaniuliza maswali tu."

Nilisimama pale na mwavuli wangu wazi, manyunyu yamekwisha kitambo, nikayakumbuka yote niliyomwuliza mtu huyu badala ya kumwambia. Kisha nikavuta pumzi, nikaanza na soksi.